Kinanda Kilichovuma Plagi Ikiwa Mkononi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala shemeji wa rafiki yangu. Najua kila mwenye kisa huanza hivyo. Lakini mimi ni mtu wa biashara, na mtu wa biashara hasemi uongo pale ambapo hakuna faida. Kisa hiki hakijaniingizia kitu hata siku moja. Kimenigharimu, tena sana, kama utakavyosikia. Kwa hiyo kaa vizuri, na ukiwa na shaka nenda Lurujo, kule upande wa Koboko, ukaulize. Kaburi lipo, na Sajini yupo, na akiwa ameshiba atakusimulia vizuri kuliko mimi.

Wakati ule nilikuwa na kibanda Oli, pale Arua, natengeneza redio na kaseti, pamoja na spika za msikiti na za kanisa bila ubaguzi. Ilikuwa miaka ile watu wetu walipokuwa wamerudi kutoka Kongo na Sudani, na kila mmoja anafukua vyake. Maana tulipokimbia vita, nani angebeba cherehani kichwani mpaka ng'ambo? Watu walichimba mashimo nyuma ya nyumba, wakafukia cherehani, baiskeli, masufuria, wengine hata milango. Mwenye akili alifukia karibu na kaburi la mzee wake, akamwomba mzee alinde. Usicheke. Ungekuwa wewe ungemwachia nani? Polisi?

Basi vitu hivyo vilipofukuliwa, vingi vililetwa kwangu. Nimetoa mchwa ndani ya redio. Nimetoa chura mzima, mwenye afya yake, ndani ya gramafoni. Kwa hiyo binti mmoja, jina lake Zaituni, alipofika Alhamisi asubuhi na kitu kimefungwa kwenye blanketi, na udongo mwekundu bado umekaa kwenye pembe zake, sikushtuka.

Kilikuwa kinanda cha umeme, kile cha zamani, chenye mbao pembeni na safu ya vifundo mbele, ambacho hutengeneza sauti zake chenyewe. Wanamuziki wa Kampala walikiita sinthesaiza. Sisi tulikiita kinanda na dunia haikuanguka.

"Fundi, hii kitu iko nalia kama nyuki," Zaituni alisema.

"Nyuki wangapi?"

"Muzinga muzima."

Nikamtajia bei. Akacheka. Si kicheko cha dharau, kicheko cha mtu aliyefurahi kweli, kama vile nimemchekesha kwa makusudi. Nikashusha. Akacheka tena. Niamini, nimepatana bei na wafanyabiashara wa Aru, upande wa Kongo, wanaovuka mpaka na meno ya dhahabu, nimepatana na masheikh na mapadri, lakini sijawahi kushushwa na mtu ambaye hakutaja bei hata moja. Tulipomaliza, nilikuwa karibu nimlipe mimi.

Kisha akaacha kucheka, akanieleza.

Kinanda kilikuwa cha marehemu baba yake, aliyekuwa akipiga katika bendi ya kambi ya jeshi. Baba alifia Sudani ukimbizini. Nguo zake zilibaki huko, na picha zake ziliungua. Kilichobaki juu ya ardhi kuonyesha kwamba aliwahi kuwako kilikuwa hicho kinanda, na Zaituni mwenyewe, ambaye baba alikuwa amemfundisha kukipiga. Sasa Zaituni alikuwa anakaa Lurujo kwa mjomba wake Khamisi, sajini mstaafu, mtu wa sauti kubwa. Jumamosi hiyo mjomba alikuwa anamwoza binti yake. Na mjomba alikuwa ametoa hukumu mbele ya watu: kinanda kikiimba vizuri harusini, Zaituni akae nacho. Kikilia kama nyuki mbele ya wakwe na kumtia aibu, Jumapili kinaondoka na mfanyabiashara mmoja wa Aru, ng'ambo ya mpaka, ambaye alikuwa amekwisha kuja kukipima kwa shubiri.

"Kwa hiyo fundi," akasema, "ukishindwa, ni baba yangu nauzwa."

Nilimwambia arudi Ijumaa jioni. Akaenda kulala kwa shangazi yake pale pale Oli.

Sasa nikueleze kidogo kazi yenyewe, ili usije ukasema fundi hakujua kazi yake. Kinanda kama kile kina sehemu inayopokea umeme kutoka ukutani na kuulainisha kabla haujafika kwenye sauti. Ndani yake kuna vikopo, kapasita, ambavyo kazi yake ni kuondoa mawimbi ya umeme. Vikikauka au kuvimba, yale mawimbi hupita, na ndiyo mvumo unaousikia. Ugonjwa wa kawaida kabisa. Nilipofungua nikakuta kapasita kubwa mbili zimevimba kama wazee waliotoka karamuni, na kiungo kimoja cha waya kimeota kutu ya kijani. Nikafurahi. Fundi hufurahi anapoona ubaya kwa macho.

Ijumaa baada ya swala nikaanza. Oli yote ilikuwa imehama, maana kulikuwa na mechi, timu ya Arua na timu ya Koboko, na hata kinyozi jirani yangu alifunga akaenda. Hilo lilinifaa, kwa sababu jenereta tulikuwa tunachangia naye, na asipokuwepo ilikuwa yangu peke yangu. Nikatoa kapasita zilizokufa, nikaweka nyingine nilizotoa kwenye televisheni ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Nikaangalia upande wa chanya na hasi mara mbili, kwa sababu ukizigeuza zinalipuka. Nikachomelea kile kiungo kwa solda. Nikaunga spika, nikawasha jenereta, nikabonyeza swichi.

Mzinga wa nyuki ulikuwa umekwisha. Nikabonyeza kitufe kimoja, sauti ikatoka tamu kama asali yenyewe. Nikatabasamu. Halafu nikaondoa kidole, na nikasikia kitu.

Nyuki mmoja alikuwa amebaki.

Nikasema, hiyo ni jenereta. Nikazima jenereta. Kinanda kikaendelea kuvuma.

Nikasema, labda kuna umeme umebaki kwenye kapasita, maana hubaki kidogo. Nikachomoa plagi, nikaishika mkononi, nikangoja. Kikaendelea. Nikachomoa spika. Kikaendelea! Nikachukua bisibisi nikagusisha miguu ya kapasita ili umeme uliobaki umalizike. Ikatoa cheche ndogo, tap, ikafa. Sasa ndani ya kile kinanda hapakuwa na umeme hata wa kumwamsha sisimizi. Na kinavuma. Mmmmm. Mvumo unapanda kidogo, unashuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi puani huku akiimba wimbo asiokumbuka maneno yake.

Nimeketi nimeshika plagi. Unajua mtu hufanya nini katika hali hiyo? Huangalia plagi. Niliiangalia kama vile ndiyo iliyonikosea.

"Hapana gusa tena," sauti ikasema.

Mlangoni alikuwa amesimama mzee mmoja. Saa kumi mchana, jua kali, sijui kwa nini watu wanasema mambo haya yanangoja giza. Alikuwa amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na koti refu la baridi, kwa joto lile, na rungu ameliegemeza begani. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika kipande. Nikamdhania kuwa mlinzi wa godauni la tumbaku, maana walinzi wa pale walikuwa wazee wa jeshi na hawakosi koti.

"Shikamoo mzee. Hukwenda mpira?"

"Mimi iko kazi. Nani napatia wewe ruhusa kufungua hii mali?"

"Mwenye mali."

"Mwenye mali gani?"

"Binti mmoja. Zaituni."

Akafikiri. Nikakumbuka baadaye kwamba alipokuwa anaongea, kinanda kilikuwa kimya. Alipofunga mdomo, mvumo ukaanza. Wakati ule nilijisemea tu kwamba labda tatizo limekwisha lenyewe, halafu, hapana, halijakwisha.

"Kama ni yeye, fanya," akasema. "Lakini mimi nahesabu."

Na kweli akahesabu. Alinilazimisha nitandaze kitambaa mezani, niweke kila nilichotoa. Mimi nilikuwa nimeshahesabu skrubu mara mbili, kama kawaida yangu, kumi na nne. Akasema, "Hesabu tena." Nikahesabu. Kumi na nne. "Toa muguu." Nikatoa mguu, na chini ya ndara yangu kulikuwa na ya kumi na tano. Nikwambie ukweli, nilimpenda mzee yule papo hapo. Maisha yangu yote nilikuwa natafuta mtu wa kufanya naye biashara wa namna hiyo.

Nikamchemshia chai. Miaka ile sukari ilikuwa ngumu, si sukari ya kumwagia mgeni ovyo. Lakini nikamtilia vijiko viwili, vilivyojaa, nikaweka kikombe kwenye kona ya meza. Hakukaa. Alisimama hapo hapo, visigino vimebanana. Zile kapasita zilizokufa, nikazivuta polepole kuelekea kwenye droo yangu, maana hata kopo tupu lina mnunuzi. 

"Hiyo pia mali," akasema bila kuangalia.

"Mzee, hizi zimekufa."

"Kufa hapana sababu ya kutoka kazini."

Nikazifunga kwenye kitambaa, nikazitia ndani ya blanketi la kinanda. Nilijaribu hata kupatana naye, kwamba nibaki na moja. Alinitazama tu. Hapo nilishindwa mara ya pili wiki hiyo, na yote kwa watu wasiotaja bei.

"Mzee, zamu yako inaisha saa ngapi?" nikamuuliza, kwa sababu nilitaka aende nipate kumalizana na yule nyuki.

"Mimi natoka namna gani? Mutu ya kubadilisha mimi bado kuja."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu mutoto nasema, linda hii, mimi narudi. Mimi nalinda. Halafu nakuja mutu ingine, nachimba, nachukua, hapana sema neno. Mimi nafanya nini? Mali natembea, mimi natembea nyuma yake."

Nikadhani analalamika juu ya tajiri wake wa tumbaku. Nikamwambia pole, matajiri wote ndivyo walivyo. Wakati huo huo ikasikika kelele kubwa kutoka uwanjani, goli, na mimi kama mwanadamu mwingine yeyote nikageuka kuangalia upande wa kelele, kana kwamba ningeliona goli kupitia mabati ya kinyozi. Nilipogeuka tena, mlangoni hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa tupu mpaka mwisho wake, na mzee wa umri ule hawezi kukimbia na koti lile.

Kikombe kilikuwa kimejaa vile vile. Nikasema basi, chai isipotee. Nikaionja.

Haikuwa na sukari.

Sikiliza, unaweza kunidanganya juu ya mambo mengi, lakini sukari yangu naijua. Niliitia mimi. Niliikoroga mimi. Chai yote ilikuwepo na utamu wote ulikuwa umeondoka. Na pale aliposimama kulikuwa na alama mbili za nyayo, visigino pamoja, za udongo mbichi kama uliofukuliwa sasa hivi. Na Arua haikuwa imepata mvua wiki nzima. Hapo ndipo nilipotoka nje mbio.

Zaituni alipokuja jioni alinikuta nje, nimekaa upande wa pili wa barabara, naangalia kibanda changu kama mtu anayefikiria kukinunua. Nikamweleza. Nilitegemea acheke, maana kucheka ndiyo kazi yake. Aliniuliza swali moja tu.

"Sikio ya kushoto, iko kamili?"

"Limekatika kipande."

Akakaa chini, pale pale, kwenye vumbi. "Babu Taban," akasema. "Sikio nalibaki Bama."

Babu yake, baba wa mjomba Khamisi, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, alipigana vita vya Bama kule Asia akarudi na sikio pungufu, na akafa Zaituni akiwa mtoto mdogo. Siku ya kukimbia, Zaituni na baba yake walifukia kinanda kando ya kaburi la babu. Baba alikuwa analia, hakuweza kusema. Ndipo Zaituni, mtoto wa miaka kumi, akapiga saluti kama alivyoona watu wazima wakifanya, akaamrisha: "Babu, linda hii. Mimi narudi." Lakini aliyetangulia kurudi alikuwa mjomba Khamisi. Alikifukua kinanda, akakiweka ndani, na Zaituni alipofika mwaka uliofuata akakikuta tayari juu ya meza. Akafurahi, akasahau ile amri. Kaburini hakwenda kabisa.

"Kwa hiyo babu bado iko kazini," akasema. Halafu, ingawa machozi yalikuwa yanamtoka, kicheko kikampata. "Mimi naweka yeye lindo miaka yote hii! Mimi mutoto!"

Jumamosi alfajiri tukapanda pikapu ya soda za harusi kwenda Koboko. Kinanda tulikilaza katikati ya kreti. Karibu na mji, dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani. "Nyinyi huko nyuma, nani naimba?" Tukamjibu kwa pamoja kwamba ni chupa. Nami nilikuwa nimekwisha kufanya hesabu zangu: harusi saa saba, wakwe watafika saa sita, na kinanda kinachovuma bila umeme, kikipewa umeme, kitavuma mbele ya ukoo mzima. Nilikuwa nimekijaribu tena usiku kwa betri ya gari na kibadilishi changu, kile cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Nyuki wa babu aliimba juu ya kila sauti.

Lurujo tulimkuta Sajini anaamrisha watu wafunge turubai. Mtu wa Aru naye alikuwa amefika mapema, na kamba yake mkononi, ya kufungia mzigo. Nilimchukia kwa ajili ya hiyo kamba. Mfanyabiashara mwenye adabu huficha kamba.

"Iko imba?" Sajini akauliza.

"Mjomba," Zaituni akasema, "wakati wewe nachimba hii kitu, wewe naambia babu nini?"

"Naambia nini? Mutu nakufa zamani, mimi naambia yeye nini?"

"Hata salamu?"

Sajini akajikuna kidevu. "Mimi nasema tu, sogea kidogo mzee, jembe iko karibu."

Tukaenda kaburini, nyuma ya nyumba. Kaburi limepangwa mawe vizuri, na kando yake bonde dogo pale shimo lilipokuwa. Nikakiweka kinanda chini. Kilikuwa kinavuma waziwazi sasa, na Sajini alipoona kwamba hakuna waya hata mmoja, sauti yake ile kubwa ikapungua ikawa ya mtu wa kawaida. Zaituni akapiga magoti. Akamshukuru babu, akamwomba msamaha kwa kuchelewa, akamwambia baba amefia Sudani na kwamba sasa amerudi, apumzike. Maneno mazuri, hata mimi nilipangusa macho. Mvumo ukaendelea. Akamwaga sukari kidogo juu ya mawe, niliyoleta mimi, tuseme ukweli. Mvumo ukanyamaza kwa muda wa kulamba midomo, halafu ukaanza tena.

Kutoka barabarani tukasikia vigelegele. Wakwe wamefika. Mtu wa Aru akaanza kufungua kamba yake, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba chakula ni chake. Zaituni akaiona ile kamba. Akakikumbatia kinanda, akaweka shavu lake juu ya mbao, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana kicheko cha kutoa.

Ndipo nikakumbuka maneno ya mzee.

"Sajini," nikasema, "ukiwa lindo, mtu akaja akakwambia asante sana, pole kwa kazi, unaondoka?"

"Wewe wazimu? Mimi naondoka namna gani? Lazima kwanza mutu nachukua nafasi ya..."

Sote tukatazama kaburi.

Haikuwa shukrani mzee aliyokuwa anangoja. Alikuwa anangoja mtu wa zamu.

"Nani nachukua?" Sajini akauliza. Yeye mwenyewe hawezi, ndiye atakayetoa amri. Zaituni ni mwenye mali. Mwenye mali halindi, analindiwa. Mtu wa Aru aliangaliwa, akarudi hatua nyuma na kamba yake. Basi macho yote yakaja kwangu, na nikaelewa jinsi mbuzi anavyojisikia siku ya Idi.

Mimi si mtu wa kuingia mkataba bila kuuliza muda. Nikasogea karibu na kinanda, nikainama. "Mzee, nakubali. Mpaka kesho jioni."

Mvumo ukapanda.

"Mpaka mwisho wa mwezi."

Ukapanda zaidi. Mawe madogo juu ya kaburi yakaanza kutetemeka.

"Mpaka Idi. Mzee, Idi si mbali, lakini si karibu vile!"

Kinanda kikaguruma kama lori lililokwama matopeni. Zaituni akainua uso akanitazama. Akacheka, machozi bado yapo shavuni. Unakumbuka kicheko kile? Basi nikashuka, au niseme nikapanda, mpaka mwisho wa bei.

"Mpaka nami nitakapobadilishwa."

Mvumo ukarudi chini, ukatulia kama mtu anayengoja.

Sajini akanyoosha mgongo. Akafunga vifungo vya shati. Akaniamuru nisimame kando ya kaburi, visigino pamoja, na kwa kuwa sikuwa na bunduki wala rungu, nikaweka bisibisi begani. Cheka, hata wao walicheka. Akaamuru mali ikaguliwe. Nikahesabu kwa sauti: kinanda kimoja, skrubu kumi na tano, kapasita mpya mbili, kapasita zilizokufa mbili. Nikahesabu tena, maana nilijua nahesabu mbele ya nani. Kisha Sajini akaita, kwa ile sauti yake ya gwaride, "Mulinzi wa zamani!" na sauti ikakatika katikati. "Mzee. Mimi nakosa. Mimi nachimba kama mwizi ndani ya nyumba ya baba yangu. Samehe." Halafu akapaza tena mpaka kuku wakakimbia: "Badilisha!"

Majani yaliyokuwa karibu nami yakalala chini, kama mtu mzito amekanyaga kwa mguu mmoja halafu mwingine. Sikio langu la kushoto likawasha. Na kinanda kikanyamaza.

Harusini nilichomeka plagi kwenye jenereta ya kukodi, nikabonyeza swichi, na hapakuwa na nyuki hata mmoja. Zaituni akaweka vidole. Wazee waliokuwa wanamjua baba yake wakageuka vichwa wote mara moja, kama walioitwa majina. Mmoja akasema, "Huyu ni yeye kabisa." Sajini alicheza mpaka mkanda ukakatika. Mtu wa Aru alikaa, akala mara mbili, akatumia kamba yake kumfungia Sajini suruali, na kusema kweli tangu siku ile nimemsamehe.

Sasa gharama niliyokuambia.

Mtu hawezi kulinda kinanda kilichoko Lurujo akiwa Arua. Nilikuwa nakwenda kila wiki kukiangalia, na Zaituni akaniambia njia rahisi ni mlinzi kukaa nyumba moja na mali. Nikapeleka wazee. Siku ya kujadili mahari nilikwenda nimejiandaa, nina hoja zangu, nina bei ya kuanzia, ya katikati na ya mwisho. Sajini akataja ng'ombe na mbuzi wake. Nikafungua mdomo nipunguze, na sikio langu la kushoto likaanza: mmmmm. Nikafunga mdomo, likanyamaza. Nikafungua tena. Mmmmm! Nilitoa kila alichotaja, mbuzi hata mmoja sikupunguza. Mpaka leo Sajini anawaambia watu kwamba hajawahi kuona mtu mjinga wa kupatana kama mkwe wake. Mimi! Pale Oli watu walikuwa wanafunga duka wakiniona nakuja kununua!

Kinanda kiko sebuleni kwetu. Wamekuja watu wa Kampala, wamekuja wageni wanaopenda vitu vya kale, wengine na noti za kigeni, na kila wanapotaja bei nzuri, sikio linaimba na Zaituni anacheka jikoni. Nimeuza vitu vyote katika maisha yangu isipokuwa hicho. Siku za mwanzo, kila Ijumaa nilikuwa naweka kikombe cha chai kando yake, vijiko viwili vilivyojaa, halafu naionja baadaye. Sukari ilikuwa ipo yote. Hivyo ndivyo ninavyojua kwamba mzee amepumzika. Na kwamba zamu ni yangu kweli.

Watoto wangu nimewaambia: siku yangu ikifika, msije na hotuba. Njooni na mtu mmoja wa kusimama mahali pangu, na mumwite Sajini kama bado yupo, na mhesabu skrubu mara mbili.

Na wewe unayenisikiliza, ukimwomba mtu aliyelala akulindie kitu, mwambie mpaka lini, na urudi mwenyewe. Ukinunua kitu cha zamani chenye udongo kwenye pembe zake na ukasikia kinavuma, chomoa plagi kwanza. Kikinyamaza, niletee, hiyo ni kapasita, tutapatana bei. Kisiponyamaza, usikifungue na usiguse skrubu. Chemsha chai, tia sukari usiionee uchungu, na umuulize mlinzi kwa adabu ni nani aliyemweka pale.